Benchi la Sentimita Tano

Wengi hudhani methali isemayo mchuma janga hula na wa kwao ni kitisho tu cha wazee kwa watoto watukutu. Laiti ingekuwa hivyo. Wahenga walimaanisha kwamba anayeleta balaa haandaliwi sahani ya peke yake; hupakuliwa hata mama aliyemzaa, ambaye hakuchuma kitu. Aliyedhani yeye angesamehewa ni mbunifu mmoja wa samani za mitaani. Ofisini walimwita Milimita, kwa kuwa hakukubali kipimo kilichozidi hata unywele.

Milimita alikuwa mtoto wa seremala. Randa na msumeno wa baba yake ndivyo vilivyomsomesha, na kabla hajajua kuandika alikwisha kujua kusoma pimamaji, kile kifaa chenye tone la hewa linaloonyesha kama ubao umelala sawa.

Siku moja aliitwa na kampuni iliyomiliki mtaa mpya wa maduka. Mkurugenzi wake, mwanamke mwenye sauti laini kama pamba, alimwonyesha kwenye skrini picha za kamera: wazee wameketi kwenye benchi za mbao, wanapiga soga.

"Huyu kakaa dakika arobaini," alisema. "Hajanunua hata maji. Nataka benchi zinazopendeza kwenye picha, lakini zisikalike."

Milimita alielewa vizuri alichoombwa. Ila mradi ulikuwa mnono, naye alikuwa na kiu ya jina. Akachora benchi la chuma lisilo na egemeo, kikalio chake kimeinamia mbele sentimita tano. Mtu angekaa dakika nne, kisha mapaja yenyewe yangemwambia ainuke. Wenzake walimpigia makofi. Benchi za mbao ziling'olewa, za chuma kumi na mbili zikawekwa, na Milimita akapewa tuzo. Baba yake aliiweka sebuleni juu ya redio, akijivuna, bila kuuliza ilikuwa ya kazi gani.

Siku hizo mama yake Milimita alikuwa amelazwa hospitali, ng'ambo ya mtaa ule. Kila adhuhuri mzee alimpelekea chakula katika bakuli la bati, kwa miguu, maana chakula cha wodini hakikumpita kooni. Magoti ya mzee yalikuwa mabovu. Bila kupumzika katikati ya njia asingefika. Jumapili moja akampigia mwanawe simu.

"Mwanangu, wewe unajuana na watu wa mtaa ule. Waambie fundi wa benchi kawaibia. Nimezipima zote kwa pimamaji. Zote zimeinama."

"Labda, baba..."

"Labda nini? Fundi anayekosea mara kumi na mbili huyo si fundi."

"Nitawaambia," Milimita alijibu, naye alijua hatasema. Mkataba wa benchi za mtaa wa pili wa kampuni ileile ulikuwa bado haujasainiwa.

Mzee hakungoja. Alichonga kabari ya mbao, akawa anaibeba pamoja na chakula. Akifika kwenye benchi anaitandika juu ya kikalio kilichoinama, anakaa sawasawa, anavuta pumzi. Siku ya nne kamera ikamwona amepitisha muda, na mlinzi akatumwa.

"Shikamoo mzee. Kitu hiki hakiruhusiwi hapa. Nisamehe, mimi nimetumwa tu."

"Marahaba. Mwambie aliyekutuma aje na magoti mengine."

Mlinzi aliichukua kabari, macho chini. Kesho yake mzee alikaa bila kabari. Aliteleza na chakula chake, akaangukia sakafu ya mawe, nyonga ikavunjika.

Alilazwa hospitali ileile, ukuta mmoja tu kutoka wodi ya mkewe. Milimita alifika akihema.

"Ulimwambia yule fundi?" mzee aliuliza.

"Hakukosea, baba. Aliagizwa ziiname. Fundi mwenyewe ni mimi."

Mzee aliinua kichwa kutoka kwenye mto.

"Uliinamisha kiasi gani?"

"Sentimita tano."

"Nami nilipata tano," mzee alisema. "Hukukosea hata kidogo." Kisha akaugeuza uso wake ukutani.

Milimita alisimama pale akiona aibu. Hata matusi angeyapokea kwa mikono miwili, lakini hakupewa. Kando ya kitanda aliokota lile bakuli, limebonyea kwa kuanguka, akaenda wodi ya pili. Mama yake alikuwa ameketi kitandani, kijiko kiko tayari mkononi.

"Leo umekuja wewe? Baba yako yuko wapi? Na mbona bakuli tupu?"

Milimita alilitazama lile bakuli. Aliona hana budi kumweleza yote, na kwamba akishamweleza, mama huyu hatatia kitu kinywani siku hiyo, pengine hata kesho. Akavuta kiti, akaanza kusema. Kweli, mchuma janga hula na wa kwao.