Kufuli la Bwana Fakihi

Bwana Fakihi alikuwa na ghala limejaa mchele, akiusubiri upande bei, na huku nyumbani kwake watoto wanalala na uji. Kila asubuhi alimtupia mkewe, Mwanakheri, hela kidogo ya matumizi, na jioni akamdai chenji.

"Bwana, hela hii ni ya dagaa tu. Mchele nitaupata wapi?"

"Mke mwenye akili angenunua vyote na kubakisha. Nilishe wali mwezi mzima kwa hela hiyo, na ufunguo wa ghala nitakukabidhi mbele ya watu."

"Na usiniulize nafanyaje."

"Nikuulize mambo ya jikoni, mimi mwanamke?"

Tangu siku hiyo wali ukapikwa, na samaki juu yake. Watoto wakaota mashavu. Fakihi alikula mpaka akalegeza kikoi, kisha akaenda kulivuta kufuli la ghala, akalikuta limekaza, akarudi barazani kujisifu.

"Nyinyi wake zenu mnawadekeza. Wangu nimemfunza kubana matumizi, na chenji ananirudishia."

Mwezi ulipoandama aliwaita wenzake wa barazani waje kushuhudia, akafungua kufuli kwa maringo. Jua likawapiga usoni kutoka upande wa pili. Ukuta wa nyuma ulikuwa na tundu la kupita mtu na gunia lake, na magunia yamebaki ya kuhesabika.

Fakihi alimgeukia mkewe, aliyesimama nyuma yao, ufunguo ungali mkononi mwake.

"Baki nao tu, Bwana," alisema Mwanakheri. "Mimi nimeshauzoea mlango wangu."