Wakunga wa Matikiti

Mwanadamu ana tabia ya kumbeza anayemhitaji. Leo humsema mkunga kwamba ana mikono mizito na mdomo mwepesi. Kesho mkewe akishikwa na uchungu, yeye ndiye wa kwanza kubisha hodi mlangoni kwa mkunga huyohuyo, sauti ikimtetemeka. Wahenga walituonya juu ya tabia hiyo. Bwana mmoja mkulima wa matikiti maji aliusikia wosia wao mara nyingi, lakini kwake ilikuwa ni kumpigia mbuzi gitaa.

Bwana huyo aliitwa Najua. Jina hilo hakupewa na wazazi wake, alibandikwa na majirani, kwani hukuweza kumweleza jambo likafika mwisho kabla hajakukatiza, "Najua, najua." Alikuwa amelinda ghala mjini kwa miaka mingi hadi akachoka kuchunga mali ya wenyewe. Akaacha kazi, akarudi kwenye shamba ambalo yeye na dada yake waliachiwa na wazazi. Mkewe alimfuata shingo upande, na mapacha wao wakamfuata mama yao.

Msimu wa kwanza matikiti yalizaa kwelikweli. Yalikuwa makubwa, ya mviringo, ya kupendeza macho, ila yalikuwa chapwa. Wanunuzi walionja, wakatazamana, wakaenda zao. Mkewe hakugomba. Alingoja watoto watoke nje, kisha akasema, "Baba Mapacha, nakupa msimu mmoja mwingine. Usipofaulu, mimi na wanangu tunarudi mjini. Ukipenda utatufuata, ukipenda utabaki na majani yako."

Maneno hayo yalimchoma Najua hadi kwenye mfupa. Aliwapenda watoto wake kupita kiasi, na shamba hilo ndilo lililokuwa tumaini lake la mwisho la kuwa mtu wa kujitegemea. Basi akaanza kumtafuta mchawi wa utamu wa matikiti yake, na hakwenda mbali.

Mpakani mwa shamba dada yake alikuwa na mizinga ya nyuki. Mama huyo alikuwa mkunga mstaafu, mnene, mcheshi, aliyewapokea nusu ya watoto wa kijiji kile. Kila asubuhi aliketi karibu na mizinga na kikombe chake cha chai, akiwatazama nyuki wakitoka kwenda kazini, na uso wake ukanawiri kama wa bibi anayetazama wajukuu. "Hawa ni wakunga wenzangu," alizoea kusema. "Ua halijizalishi lenyewe."

"Wakunga gani hao, dada? Hao ni wezi!" Najua alimjia juu siku moja. "Asali yako inatoka wapi kama si kwenye maua yangu? Wananyonya sukari yote. Wewe unalamba asali, mimi navuna maji!"

Dada akaangua kicheko, na kicheko hicho kikamtia mdogo mtu hasira zaidi. "Mdogo wangu, uliyamwagilia maji mpaka siku ya kuvuna. Tikiti likikaribia kuiva hupunguziwa maji, ndipo utamu ukolee."

"Najua," akajibu, akaondoka.

Haukupita muda dada akasafiri kwenda kumtazama binti yake. Matikiti ya msimu wa pili yalikuwa ndiyo kwanza yanataka kuchanua. Alfajiri moja, nyuki wakiwa bado ndani, Najua alichukua bomba la kunyunyizia dawa ya wadudu, akalielekeza kwenye tundu la kila mzinga. Ndani kulivuma kama maji yanayochemka. Kisha mvumo ukapungua, ukakatika. Hakuna jirani aliyemwona. Alinawa mikono, akaenda kunywa uji.

Dada aliporudi alikuta nyuki wamelala chini ya mizinga, weusi, wakavu, wamerundikana. Hakuhitaji kuuliza. Aliwafagia taratibu, akawachimbia shimo, huku machozi yakimtiririka.

"Dada, nyuki si watu," Najua akasema, akijitia hamnazo. "Asali nitakununulia dukani."

"Mimi sililii asali," dada akajibu. Tangu siku hiyo akaacha kukanyaga shambani kwa mdogo wake.

Maua yakachanua, shamba zima likawa la manjano. Najua akatamba mbele ya mkewe: shwari, hakuna mwizi! Na kweli palikuwa kimya. Wala hapakuwa na nyuki wengine wa kuja, maana msitu wa jirani ulikwisha kuwa makaa zamani. Vitikiti vya ukubwa wa kidole gumba vilichomoza nyuma ya maua ya kike, vikakaa siku chache, vikageuka manjano, vikaanguka. Akaongeza mbolea, vikaanguka. Akaongeza maji, vikaanguka. Akasema ni kijicho cha majirani. Kusema hivyo nako hakukuvizuia kuanguka.

Maji yalipomfika shingoni alikwenda kwa dada yake, akasimama mlangoni. "Dada, matikiti yanaharibika mimba."

Ukunga ni kazi ya huruma, na huruma ikimkaa mtu haimtoki. Dada alivaa viatu, akaenda naye. Akachuma ua dume, akalibandua petali zake, akaugusisha unga wake kwenye ua la kike. "Fanya hivi kwa kila ua, asubuhi, kabla jua halijakuwa kali."

"Kwa kila ua?"

"Nyuki walikuwa wakifanya hivyo bila kukuuliza."

Familia nzima ikainama shambani, mapacha wakashindana, mama yao akashika kiuno kwa maumivu. Lakini maua yalikuwa mengi kuliko mikono, na mimea ilikuwa imechoka, majani yakianza kukauka pembeni. Dada aliweka mzinga mtupu, akaupaka nta kuwaita nyuki wapya. Hawakuja. Matikiti machache yaliyoshika yalikuwa yamepinda, upande mmoja mnene, upande mwingine umenywea. Najua aliyamwagilia asubuhi na jioni kwa hofu, mpaka siku ya kuvuna.

Lori lilipofika halikufuata matikiti. Lilipakia kitanda, masufuria na mabegi ya watoto. Mapacha walilia wakiomba tikiti la njiani, na baba yao akapasua moja. Mtoto mmoja akauma, akalirudisha.

"Baba, halina utamu."

Najua akalionja mwenyewe. Lilikuwa chapwa, chapwa kama yale ya msimu uliopita, ilhali halijawahi kuguswa na nyuki hata mmoja. Akataka kumwambia mkewe jambo, lakini mkewe alikwisha kupanda, na dereva akawasha injini. Lori likaondoka, watoto wakipunga mikono nyuma, naye akabaki amesimama katikati ya shamba kimya, juisi ikimdondoka vidoleni.

Kweli, usitukane wakunga na uzazi ungalipo.