Bi Zawena na Hasira ya Kuazima

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majumba yao, na majamvi yao, na majirani wa kuwasengenya, palikuwa na mke na mume, digidigi wote wawili. Mke aliitwa Bi Zawena. Mume aliitwa Bwana Sudi.

Sogeeni karibu. Na wewe uliyesimama mlangoni, ama ingia ama toka, unaniletea upepo.

Bwana Sudi alikuwa mume mwema. Alifagia ua, alichota maji, na watoto wakilia usiku yeye ndiye aliyeamka. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja, na ugonjwa wenyewe ulikuwa jamvi la karata nyumbani kwa Kiboko.

Pale kando ya mto, kila alasiri, waliketi wanne: Kiboko mwenye jamvi, Nyati, Fisi, na Bwana Sudi. Hawakuchezea mali. Walichezea njugu. Karata zao zilichorwa wanyama: kuku chini kabisa, juu yake mbuzi, kisha ng'ombe, nyani, chui, tembo, na simba juu ya wote. Kila mnyama yumo mara nne. Unagawiwa karata tano, unaweka njugu moja. Ukiona zako mbovu, unazitupa, umepoteza njugu moja na hakuna aliyekufa. Ukiona zako nzuri, unaongeza njugu. Mwenye picha nyingi za kufanana ndiye anayekula.

Mchezo mwepesi, si ndiyo? Mwepesi kwa mwenye moyo uliotulia. Bwana Sudi akiliwa mara mbili mfululizo, moto unawaka. Hapo hatazami tena karata. Anapiga kwato chini, anasema, "Potelea mbali!" na kusukuma njugu zote alizonazo. Wenzake walishamjua, kwa hiyo walimchokoza makusudi.

"Bwana mdogo," Fisi humwambia, "leo mkono umelegea. Hukupewa uji nyumbani?"

Na Bwana Sudi huyoo, anawaka kama nyasi za kiangazi.

Basi siku moja, mawingu ya masika yameshaanza kujikusanya, Bwana Sudi alirudi nyumbani kichwa chini.

"Mke wangu," akasema.

"Sema."

"Njugu."

"Njugu zipi?"

"Za mbegu."

Bi Zawena akaweka mwiko chini. "Kapu zima?"

"Nilianza na konzi moja tu. Halafu Fisi akaniambia maneno."

"Mvua ikinyesha tutapanda nini, Sudi? Tutapanda maneno ya Fisi?"

Bwana Sudi akachora mchanga kwa kwato. Bi Zawena naye aliona giza, kwa sababu shamba bila mbegu ni uwanja wa kukimbizana panya, na watoto walikuwa wawili na matumbo mawili. Lakini hakupiga kelele. Aliingia ndani, akatia mkono kwenye chungu cha pembeni, akatoa kibaba kimoja cha njugu alichowawekea wageni. Akajifunga kanga.

"Unakwenda wapi?"

"Jamvini."

"Wewe? Pale ni pa wanaume."

"Sheria yao wenyewe inasema nafasi ya jamvini ni ya nyumba. Mwenye nyumba akiumwa, hukaa mkewe."

"Mimi siumwi."

"Utaumwa sasa hivi usiponipisha."

Bwana Sudi akampisha, kisha akamfuata nyuma kama mkia.

Walipofika, lile kapu lao la mbegu lilikuwa limekaa katikati ya jamvi. Wale watatu walikuwa wamekubaliana kuligawana Ijumaa.

"Karibu, shemeji," Kiboko akasema. "Mumeo vipi?"

"Anaumwa."

"Si yule pale?"

"Anaumwa amesimama."

Fisi akacheka, kwi kwi kwi, hata mate yakamtoka. "Sudi kachoka kuliwa, katuletea mkewe tumle na yeye."

Bi Zawena akaketi, akakunja miguu yake myembamba, akamwaga njugu zake mbele yake. Alilijua jamvi lile kuliko walivyodhani. Mara ngapi alimletea mumewe uji pale, akasimama na kibuyu chake, wala hakuna aliyemtazama? Mwenye kibuyu cha uji haonekani, lakini yeye anaona. Alikwisha kuona kwamba Fisi akipata karata nzuri hujaribu kumeza kicheko, mabega yakamtetemeka. Kiboko akipata mbovu hupiga miayo mikubwa, eti hana wasiwasi. Nyati yeye huhema kwa pua, fuu, fuu, akiwa na tamaa.

Karata zikagawiwa. Bi Zawena akazitazama, akazitupa. Zikagawiwa tena, akatupa. Mara ya tatu alikuwa na mbuzi watatu, Kiboko akapiga mwayo mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Bi Zawena akaongeza njugu chache, akala kidogo. Kisha akarudi kutupa.

"Hivi umekuja kucheza au kutupa takataka?" Nyati akauliza.

"Natupa takataka, shemeji. Zenyewe si unaziona?"

Mara akaja kupata tembo watatu. Jamani, tembo watatu! Moyo ulimruka. Nyuma yake Bwana Sudi alichungulia, akashika kichwa, akanong'ona, "Weka, mke wangu, weka zote." Bi Zawena akanyanyua macho. Mabega ya Fisi yalikuwa yanatikisika kama chujio. Aliumia kuziachia karata zile, lakini akazitupa.

"Tembo watatu!" Bwana Sudi akalalamika.

"Nyamaza."

Fisi akafunua za kwake. Chui wanne. Bwana Sudi akanyamaza mwenyewe bila kuambiwa tena.

Sasa wale watatu wakaanza kuchoka. Mchezaji asiyekasirika haliki. Wakatazamana, wakakonyezana, wakashika kazi yao wanayoijua.

"Miguu gani hii," Nyati akasema, "mtu anaweza kuchokonolea meno."

"Sudi alioa kijiti," Kiboko akasema.

Bi Zawena akatabasamu, akatupa karata.

Ndipo Fisi akainama karibu, akasema polepole, "Na wale wanao wawili, shemeji, masika haya watakula nini? Wakizidiwa na njaa niambie. Mimi napita pale kwenu kila siku."

Hapo mzaha uliisha. Bi Zawena alikasirika. Macho yakapata moto, na lile neno la mumewe likamfika kwenye ncha ya ulimi. Ee, alikuwa karibu. Lakini alifanya anavyofanya jikoni chungu kikitaka kufurika: aliepua. Hasira akaiweka kando, ikiwa ya moto vilevile, akafunga mdomo, akangoja pumzi irudi mahali pake. Mkono ule wa karata akautupa kama mingine yote.

Kiboko akachanganya, akagawa. Bi Zawena akafunua ukingo wa karata ya kwanza. Simba. Ya pili, simba. Ya tatu kuku. Ya nne simba. Ya tano...

Akazilaza chini taratibu. Kisha ghafla akapiga kwato jamvini, pu!

"Potelea mbali! Mmenitukana mimi, mmemtukana mume wangu, sasa mmewafikia wanangu! Naweka njugu zangu zote. Naweka na shamba letu pia, masika haya lilimeni ninyi. Bila mbegu mimi nalitakia nini? Nani kati yenu ana moyo wa kuliweka hilo kapu?"

Pua yake ndefu ilitetemeka. Kanga ilimdondoka begani na hakuiokota.

"Zawena, usifanye hivyo!" Bwana Sudi akalia. "Ndivyo nilivyofanya mimi!"

"Niache!"

Fisi akamkonyeza Nyati. "Nyumba nzima ugonjwa mmoja," akanong'ona.

Hebu niambieni, mnadhani alikasirika kweli? Wewe unasema ndiyo? Basi wewe usikae jamvini na mtu yeyote, watakula mpaka kofia yako.

Nyati alihema, fuu, fuu. Shamba la mtoni, udongo mweusi! Hata zile karata zake hakuzitazama vizuri. "Tunaliweka," akasema. Kiboko akapiga mwayo, lakini aliona haya kubaki nyuma, akaitikia. Fisi akalisukuma kapu mbele kwa miguu yote miwili.

"Funueni," Bi Zawena akasema.

Nyati akafunua: mbuzi watatu. Kiboko: kuku wawili na mchanganyiko wa kuaibisha. Fisi akafunua za kwake moja moja, akijichekea: tembo, tembo, tembo.

"Pole, shemeji," akasema, na kunyoosha mkono.

"Ngoja kidogo." Bi Zawena akaokota kanga yake, akaitengeneza begani. Pua imetulia. Sauti imetulia. Akalaza karata jamvini, simba wa kwanza, wa pili, wa tatu, na wa nne.

Kicheko cha Fisi kilimkwama kooni, akakohoa mpaka Kiboko akampiga mgongoni.

"Lakini ulikasirika," Nyati akasema. "Tumekuona kwa macho yetu."

"Nilikasirika zamani, Fisi alipowataja wanangu. Ile hasira hamkuiona, niliiweka kando. Hii mliyoiona nimeiazima kwa mume wangu. Anazo nyingi."

Akalivuta kapu kwake. Nyati akainuka, macho mekundu, akakwaruza ardhi. "Kaa chini! Mkono mmoja tena! Naweka shamba langu la mpunga!"

Na hapa sasa, Bwana Sudi yule aliyekuwa analia, macho yakamng'aa. Akamnong'oneza mkewe, "Bahati iko kwetu leo. Mpunga, Zawena. Mkono mmoja tu."

"Nilikuja kufuata mbegu," Bi Zawena akasema. "Mbegu hizi hapa. Wewe ukitaka kukaa, kaa kwa njugu zako. Unazo ngapi?"

"Sina."

"Basi beba kapu."

Akasimama, akasema, "Kwaherini, jamvi," na kwa desturi ya pale, aliyeaga kabla karata hazijagawiwa hashikwi na hasemwi. Nyati akabaki anapuliza vumbi. Walipofika kwenye mwinuko walisikia tayari ugomvi nyuma yao, Nyati akimlaumu Fisi kwa kucheka, Fisi akimlaumu Kiboko kwa kugawa vibaya, kisha chubwi, sijui nani alimsukuma nani mtoni.

Mvua ya kwanza ilinyesha siku ya tatu. Bwana Sudi akatangulia na jembe, Bi Zawena nyuma yake akidondosha njugu, watoto wakifukia kwa kwato zao ndogo. Katikati ya shamba jembe likagonga jiwe, kwaa! Mpini ukamtetemesha mpaka mabegani. Bwana Sudi akalinyanyua jembe juu kulirusha kichakani, na neno lake liko mdomoni.

Bi Zawena alisimama tu na njugu mkononi, akangoja.

Bwana Sudi akabaki vile, jembe juu. Akavuta pumzi. Akaliteremsha, akapiga magoti, akalizungushia jiwe lile kwato taratibu, akaling'oa, akaliweka ukingoni mwa shamba. Bi Zawena akadondosha njugu mbili pale lilipotoka.

Basi wanangu, shikeni hili moja: mchezoni tunza moyo wako kwanza, kwa maana hasira yako ndiyo karata nzuri kuliko zote aliyonayo mwenzako.