Sentensi Tamu na Mkunga wa Kwemlindi

Hapo zamani, siku ambazo kila chuo kilijigamba kuangua waandishi kama vifaranga vya mashine, palikuwa na mwanafunzi wa fasihi jina lake Namkunda. Kupamba maneno alijua. Kuuliza watu hakujua.

Mwalimu wake wa kozi ya uandishi alikuwa Dakta Rwezaura, bingwa ambaye maishani mwake hakuwahi kuchapisha hata tangazo la ng'ombe aliyepotea. Darasani alisema, "Wanangu, sentensi tamu ndiyo kazi." Namkunda akaandika sentensi tamu, akapewa A. Akaandika tamu zaidi, akapewa A. Kutumwa nje ya geti akamhoji hata muuza karanga, hakutumwa.

Mwaka wa tatu akapelekwa fildi, kujifunza kazi kwa vitendo, kwenye gazeti moja la mjini. Mhariri, Bwana Mtengeti, akampokea kwa ufagio. Miezi miwili binti alifagia. Kufundishwa hakufundishwa. Siku moja ukurasa wa tatu ukabaki wazi, mhariri akapiga kelele, "Wewe wa chuo! Si unajua kuandika? Nataka habari kabla ya saa tisa!"

Namkunda alikuwa amesikia, akinunua chipsi, kwamba mkunga wa zahanati ya Kwemlindi anauza dawa za bure za wajawazito. Hakwenda huko, wala simu hakupiga. Akaandika: "Mikono inayopokea uhai ndiyo inayouchuuza." Lo, utamu ulioje! Mhariri akasoma kichwa cha habari tu, akaipitisha.

Kesho yake Bi Zaina, mkunga wa Kwemlindi aliyefanya kazi hiyo miaka ishirini na sita, akasimamishwa kazi. Zahanati ikafungwa. Wiki hiyohiyo mama mmoja akashikwa na uchungu, akabebwa kwa machela kupelekwa zahanati ya mbali. Akajifungulia njiani, na mtoto akafa.

Uchunguzi ukafanyika. Hata kidonge kimoja hakikupungua. Gazeti likatuma ujumbe kwa Bi Zaina: tunakuja kuomba radhi. Akajibu, "Aje mmoja tu, mwenye kosa. Asimame mbele ya mama wa yule mtoto. Msafara sitaki."

Watatu wakaitana ofisini.

Namkunda akalia. "Nilifanya nilichofundishwa. Miaka mitatu mizima, nani aliwahi kuniambia, nenda kaulize?"

Dakta Rwezaura akafuta miwani. "Mimi nafundisha sanaa. Kuuliza watu hufundishwa fildi, na fildi nilimpeleka."

Bwana Mtengeti akagonga meza. "Chuo kiliniandikia barua yenye muhuri, kwamba binti ameiva! Kilichoiva nakipika tena cha nini?"

Wakabishana mpaka dereva, aliyengoja nje kumpeleka huyo mmoja Kwemlindi, akachoka kupiga honi.

Haya, ninyi mnaosikiliza huku mkiguna. Kule Kwemlindi mama mtu amekaa kibarazani, maziwa yanamuuma kifuani, anangoja mtu mmoja. Je, kati ya hao watatu, nani alistahili kwenda?