Adhana Mbili za Sheikh Dhakwani

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika zama za mapambano ya mipakani ilikuwapo kambi ya Waislamu kwenye uwanda mmoja ambao damu ilikwisha kumwagika juu yake mara mbili. Safari ya tatu waja wale walikuwa wamejifunza. Walichimba handaki pande zote nne, wakapandisha boma la udongo refu kuliko watu wawili waliobebana, wakaacha lango moja tu upande wa mashariki, unaoelekea mtoni. Mbele ya lango, juu ya handaki, waliweka daraja la mbao la kuinua na kushusha. Na katikati ya kambi walisimamisha mnara wa magogo, ambao Sheikh Dhakwani alikuwa akiupanda mara tano kwa siku kuadhini.

Mzee huyu alikuwa ameadhini miaka thelathini, wala hajapata kukosea wakati. Wapiganaji walikuwa wakitaniana kwamba jua lenyewe humngoja Dhakwani ndipo lizame. Naye alijifanya halisikii neno hilo, lakini, mwanadamu ni mwanadamu, lilimkaa vizuri moyoni.

Tena hazikuwa saumu na sala tu zilizosimama juu ya koo la mzee yule. Mwaka uliotangulia maadui walijichanganya na wachota maji jioni, wakaingia kambini na kuua watu usingizini. Tangu hapo Amiri Wahbi, mkuu wa kambi, alikula kiapo mbele ya watu wote: ikisikika adhana ya magharibi daraja litainuliwa, wala halitashushwa mpaka alfajiri, hata aliyebaki nje awe ni mwanawe wa kumzaa.

Sasa sikilizeni siri ya Sheikh Dhakwani. Mwaka mzima ulikuwa umepita tangu mtoto wa jicho aanze kumfunika macho yote mawili. Aliona mwanga na kiza, basi. Alfajiri mkewe, Bi Hunaida, ndiye aliyemnong'oneza kwamba weupe umechomoza. Magharibi aliweka kiganja juu ya ukingo wa mnara unaotazama machweo. Joto la jua likikatika, husubiri kidogo, kisha huadhini. Na kwa rehema za Mola mambo yalikwenda.

Bi Hunaida hakupendezwa. Siku moja alimwambia, "Mume wangu, mnara huu ni amana, si mali yako. Mwambie Amiri."

Mzee akajibu kwamba atasema, ila Ramadhani ipite kwanza.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema mama yule, akarudi kwenye chungu chake.

Ikafika siku ya ishirini na tatu ya mfungo, katikati ya kiangazi. Nanyi mnaofunga mnaijua njaa ya kumi la mwisho, sina haja ya kuwaeleza. Jioni ile vumbi zito lilipanda upande wa magharibi likalifunika jua. Joto likakatika kiganjani mwa Sheikh Dhakwani. Akasubiri kama desturi yake, kisha akaadhini.

Basi kambi nzima ikafuturu. Walinzi wakashuka kutoka juu ya boma, maana nani angemtilia shaka Dhakwani? Sinani, mlinda lango, akainua daraja. Mzee naye, kule juu, akala tende moja, akanywa funda la maji, akamshukuru Mola wake.

Mara upepo ukageuka, na shavu lake likapata joto. Akaweka kiganja juu ya ukingo: joto. Akainua uso, akaona wekundu ndani ya ukungu wa macho yake. Jua lilikuwa bado lipo, tena bado lina safari.

Chini hakuna aliyejua, kwa kuwa boma lilikuwa likizuia jua la jioni lisiwafikie. Hapo nafsi ikaanza kazi yake. Ikamwambia kwamba aliyekula kwa kukosea hana dhambi. Kwamba watu hawa wana njaa na vita vi karibu, kwa nini awavunje nyoyo? Ikamkumbusha miaka thelathini. Ikamwambia anyamaze tu, ashuke, kesho amweleze Amiri faraghani kwamba uzee umemzidi. Maneno matamu, na mzee, wallahi, aliyasikiliza. Mguu wake mmoja ulikwisha kukanyaga ngazi. Kisha akajijibu kwamba kosa lilikuwa kosa kabla hajajua, na akinyamaza sasa halitakuwa kosa tena, litakuwa uongo, tena wa kuwalisha waja wa Mungu mchana wa Ramadhani. Akaurudisha mguu, akashika ukingo kwa mikono miwili.

"Enyi waumini!" akaita. "Jua halijazama. Nimekosea. Macho yangu yamekufa tangu mwaka jana, nami nikawaficha kwa kuupenda mnara huu. Wekeni chini mlichonacho mikononi."

Watu elfu mbili wakatazama matonge mikononi mwao. Mpiganaji mmoja shujaa, jina lake Ghalibu, akatema tonge la nyama, akasema kwa uchungu kwamba kumbe mwaka mzima wamefungishwa na kufungulishwa na kipofu. Mzee alimsikia, na machozi yakamtoka pale pale mbele ya watu.

Amiri Wahbi akaiweka tende yake chini, akasukutua. Akatangaza kwamba magharibi haijaingia, na walinzi warudi juu ya boma.

Hapo Sinani akaja mbio kutoka langoni. "Ewe Amiri, kama magharibi haijaingia, nishushe daraja? Wachota maji wetu tisa wako ng'ambo ya handaki."

"Lishushe!"

Walikuwa wameisikia adhana wakiwa nusu ya njia kutoka mtoni, wakakimbia, wakalikuta daraja limeinuliwa. Sinani alikuwa amesimama akiwatazama, kiapo cha Amiri shingoni mwake, hajui afanye nini. Daraja likashuka, wakaingia wote na viriba vyao. Wa mwisho alikuwa ndiyo kwanza anavuka pale walinzi waliorudi juu ya boma walipopiga kelele. Lile vumbi la magharibi lilikuwa la kwato. Wapanda farasi wa adui walikuwa wameizunguka kambi, maana waliijua saa ambayo Waislamu huweka upanga chini wakashika tende. Wakalikuta daraja limekwisha inuliwa tena na boma limejaa watu wenye pinde mkononi. Wakageuza farasi.

Sheikh Dhakwani hakushuka mnarani. Alituma neno kwamba atafutwe mwingine wa kuadhini. Badala yake akapanda Amiri mwenyewe, akasimama kando yake, akalitazama jua hadi likatoweka lote.

"Sasa," akasema. "Adhini."

"Vipi, Amiri wangu, nami sioni?"

"Macho kambini ni mengi, Sheikh. Kila jioni nitakupa watu wawili wakutazamie. Lakini mtu wa kujishuhudia nafsi yake mbele ya watu elfu mbili wenye njaa, ninaye mmoja tu."

Akaadhini. Ghalibu alipanda ngazi akiwa na tende kiganjani, akamtilia mzee mkononi kabla hajala yake, akamwomba radhi.

Siku ile waliilipa baada ya Idi. Ama Sheikh Dhakwani na Bi Hunaida, wao walifunga mwezi mzima kwa tahadhari, maana huenda jioni nyingine pia zilikosewa, na inasemekana mama yule hakumkumbusha hata mara moja kwamba alimwambia.

Nasi tuna minara yetu, mingine ya kazi, mingine ya jina tu, na tuna macho tunayoyaficha. Mola atujaalie ulimi wa kukiri kabla tende haijafika tumboni. Na ikiwa imekwisha fika, kama ilivyomfikia mzee wetu, atujaalie ulimi huo vilevile. Amina.