Dirisha Linatosha

Palikuwa na msomi mmoja aliyebobea katika treni. Wasomi mlio humu kanisani msianze kujikuna. Mfano huu utawafikia hata wale wa viti vya nyuma. Msomi huyu hakuwa fundi wa treni, wala dereva. Kazi yake ilikuwa kuzilinganisha. Alikaa ughaibuni miaka mingi, akapanda treni za Japani, za Ujerumani, za Uhindi, akaandika zipi zinawahi, zipi zinachelewa, na zipi vyoo vyake havina haja ya kuombewa, mpaka wakampa shahada kubwa. Watu wamepewa shahada kwa mambo madogo kuliko hayo.

Lakini kuna jambo ambalo hakuliandika popote. Huko Japani, treni ikienda kama upepo na abiria wametulia kama wako msibani, mara nyingi aligeuzia uso dirishani ili jirani asione macho yake. Alikuwa amekumbuka kwao. Kwao ni kituo kidogo kwenye reli ya kati, huko Unyamwezini. Treni ikisimama pale, watu hukimbilia madirishani na matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa vikakaushwa juani, na harufu huingia behewani kabla ya muuzaji hajafungua mdomo. Kule ugenini hakuna aliyekimbilia dirisha la mtu. Madirisha yenyewe yalikuwa hayafunguki.

Basi akawa anawasimulia wenzake wa chuoni: "Kwetu treni ikisimama, mama yako anaweza kukuletea chakula dirishani."

Wakacheka, wakidhani anatunga. Mmoja akamwuliza, "Na ratiba je?"

"Ratiba ni mama," akajibu.

Siku hiyo, ndugu zangu, alisema kweli kuliko kitabu chake kizima.

Hatimaye akarudi nchini. Hakuwa hata amemaliza kufungua masanduku, akaalikwa Kigoma kwenye semina, akazungumze juu ya usafiri wa abiria katika nchi mbalimbali. Akasema, vizuri, nitakwenda kwa treni, njiani nitapata mifano. Akampigia mama yake simu.

"Mama, nitapita hapo nyumbani. Ila sitaweza kushuka. Semina inanisubiri, na kurudi wameshanikatia tiketi ya ndege."

Huyu ni mama ambaye mara ya mwisho kumwona mwanawe nywele zake mwenyewe zilikuwa bado nyeusi. Angeweza kulalamika. Wangapi kati yetu tungelalamika, tena kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili?

"Treni husimama hapa, mwanangu," akasema. "Haikai sana, lakini husimama. Nitakuja dirishani."

"Utanipataje, mama, katika mabehewa yote hayo?"

"Nitaita. Wewe toa kichwa tu, nikuone. Dirisha linatosha."

Msomi alipokata simu alikaa kitandani muda mrefu, simu bado iko mkononi. Hamu ilimshika kama homa. Tulishike hilo, maana baadaye kuna mtu atasema kwamba hakumpenda mama yake.

Siku ya safari alijikuta chumba kimoja na mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge, mnene, mchangamfu, mtu wa kukarimu watu karanga kabla ya kuwauliza majina. Treni iliondoka kwa mwendo wa bibi harusi anayeingia kanisani. Msomi akatazama saa, akaguna. Akatazama feni, haizunguki, akaguna tena.

"Una nini, baba?" akauliza yule mama. "Unaumwa?"

"Hapana, mama. Ni kazi yangu tu. Mimi ni daktari."

"Alaa! Daktari wa tumbo au wa meno?"

"Wa treni."

"Wa treni! Basi tupimie na hii yetu, maana inakohoa tangu Morogoro."

Msomi akacheka, na kicheko kikamfungua mdomo. Akaanza na Japani. Kule, akasema, kondakta akiingia kwenye behewa huwainamia abiria, na akitoka hugeuka akawainamia tena.

"Anawainamia! Hata wa daraja la tatu?"

"Wote."

"Mimi wa kwetu kaniinamia leo asubuhi. Alikuwa anachungulia kama nimeficha kuku chini ya kiti."

Akaja Ujerumani, ambako treni ikichelewa kidogo tu watu hutazama saa kwa sura za kufiwa. Akaja Uhindi, ambako alipata kunywa chai kwenye vikombe vya udongo, na abiria wakimaliza chai huvitupa vikombe vikavunjika.

"Wanavunja vikombe! Na mama zao wanawaangalia tu?"

Zabibu zilikuja dirishani, zikapita: Dodoma. Siku ikaisha, ikaanza nyingine. Asali ikaja dirishani, ikapita: Tabora. Mnaosafiri njia ile mnajua. Katika treni ile hakuna anayekwambia umefika wapi, na hakuna anayeuliza. Kituo hujulikana kwa kinachouzwa dirishani. Ukiona chumvi, uko Uvinza. Ukinusa migebuka, wale samaki wa ziwani, teremsha mzigo, Kigoma hiyo. Msomi wetu alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Kisha akajifunza mengine.

"Na huko kwa wenzetu," mama wa vitenge akauliza, "mtu anajuaje kituo chake kimefika?"

Macho ya msomi yakang'aa. "Kinatangazwa, mama. Sauti nzuri ya mwanamke inatoka darini. Kituo kinachofuata ni fulani. Milango itafunguka upande wa kushoto."

Yule mama akashusha pumzi ndefu, karanga imesimama njiani kuelekea kinywani. "Upande wa kushoto! Jamani. Wenzetu wanaishi."

Ndivyo walivyokaa, wawili hao, kila mmoja akiitamani treni ambayo hakuipanda. Na mtambue jambo moja: alimweleza yule mama habari za Japani yote, ila hakumweleza kwamba naye alikuwa na kituo chake njiani, na mtu wa kumngoja hapo. Daktari mzima, aseme anasubiri chakula cha mama yake? Alijiambia kituo kikifika atajua. Masikio yake, bila yeye kuyatuma, yalikuwa yanaisubiri ile sauti ya darini.

Treni ikasimama. Vumbi likapanda, kelele zikapanda nalo. Msomi alikuwa ndiyo kwanza ameanza kueleza jinsi Wajerumani wanavyopanga mabehewa, na neno lake halikusikika. Akainuka, akapandisha kioo cha dirisha, akakikaza.

"Tusikilizane," akasema.

Mtu akagonga kioo kwa kifundo cha kidole. Kioo chenyewe kilikuwa na vumbi la mikoa mitatu. Aliye nje hamwoni aliye ndani, na aliye ndani hakugeuka. Aliinua mkono tu, kwa upole, kama anavyofanya mtu aliyelelewa vizuri.

"Asante, mama. Sihitaji."

Kidole kikagonga mara moja zaidi, kikaenda dirisha lingine.

Treni ilipiga honi, ikaanza kujivuta. Wajerumani walikuwa hawajaisha wakati mlango wa chumba ulipofunguliwa na kijana mmoja mwenye jezi ya mpira, kashika kifurushi kilichofungwa kwa khanga. Akataja jina. Lilikuwa jina la utotoni, ambalo halimo kwenye pasipoti wala kwenye jalada la kitabu chochote.

"Ni mimi," msomi akasema, na sauti yake ikatoka ndogo.

"Afadhali, nimeuliza vyumba vyote. Bibi mmoja kanipachikia hiki dirishani kwangu, hapo nyuma. Anasema mwanawe yumo humu ndani. Kagonga kila dirisha, maskini, watu wanamwambia hawanunui."

Kifurushi kilikuwa bado cha moto. Alikifungua kidogo tu, na harufu ya matobolwa ikatoka pamoja na ya kuku wa kuchemsha, ikajaa chumbani, ikayafuta mataifa yote aliyoyataja tangu Morogoro.

Mama wa vitenge akaangalia kifurushi, akamwangalia yeye. "Baba," akasema polepole, "wewe ni wa hapa?"

Msomi akaitikia kwa kichwa.

"Mbona hukusema? Mimi ningekaa na kichwa nje tangu Tabora!"

Msomi akateremsha kioo, akatoka dirishani hadi kifuani. Mkia wa treni ulikuwa bado haujamaliza kituo. Akamwona mama yake. Alikuwa amempa mgongo, mdogo kuliko alivyomkumbuka, anatembea kuelekea mabehewa ya mwisho, uso umeinuliwa madirishani, dirisha baada ya dirisha, na mikono ameiweka mdomoni anaita.

"Mama!" akapiga kelele. "Mama! Niko huku!"

Hakumsikia. Angemsikiaje, wakati na yeye alikuwa anaita? Alikuwa anaita lile jina.

Treni ile aliyoicheka njia nzima kwa uvivu wake, sasa aliomba, kwa mara ya kwanza maishani, izidi uvivu. Haikumsikiliza. Ikakata kona.

Sasa, wapendwa, naona mnamsikitikia. Futeni machozi, tuzungumze habari zetu.

Kila Jumapili tunaimba hapa kwamba tunamtafuta Mungu. Nani alituambia kwamba ni sisi tunaotafuta? Sisi tumekaa. Yeye ndiye yuko chini kwenye vumbi, anapita dirisha kwa dirisha, mikono imejaa, anatuita kwa majina ambayo tumesahau kwamba ni yetu. Na sisi tumo ndani tunalinganisha. Usharika ule wana vyombo vipya. Kanisa lile maombi yanajibiwa papo hapo. Kwa mchungaji fulani mahubiri ni mafupi. Najua, najua, ya kwangu yanakaribia mwisho. Tunasubiri sauti nzuri kutoka darini ituambie tumefika, na mlango utafunguka upande gani. Kumbe kinachogonga ni kidole tu. Ni mjane wa nyumba ya pili ambaye kila akija unajua atakaa. Ni mwanao anayeuliza swali wakati unaangalia simu. Wala hatumtukani mtu. Tumelelewa vizuri. Tunasema, asante, sihitaji. Matusi hayanitishi, ni adabu hiyo inayonitisha.

Wala msiniambie kwamba hakuwa na hamu. Alikuwa nayo! Alilia kweli kule Japani. Mtu anaweza kuwa na hamu ya kweli kabisa, ya kumkosesha usingizi, na kioo akakikaza kwa mkono wake mwenyewe. Sisi tunafanya hivyo, kisha tunaiita hamu yetu imani.

Najua mnachosubiri. Mnataka niwaambie kwamba alishuka kituo kilichofuata, akaiacha semina, akarudi kwa miguu kwenye reli na kifurushi kikiwa bado kina joto, akamkuta mama yake amekaa pale jukwaani. Ningependa sana iwe hivyo. Lakini siwezi kuwamalizia, kwa sababu treni bado inakwenda, na sisi tumo.

Kuna kituo mbele. Hakuna atakayekitangaza.