Mfumo wa Bi Mgeni

Harusi ya shemeji yangu ilikuwa inaanza, nami nimesimama peku mbele ya mashine ya kamari ya Sheweji. Mfumo wangu wa kuongeza dau maradufu kila nikiliwa ulikuwa umemeza hadi viatu.

Bi Mgeni, muuza vitumbua, akamwambia Sheweji, "Ninao mfumo wa kuishinda mashine yako. Nikiweza, mrudishie huyu viatu. Nikishindwa, chukua sinia zima."

Sheweji akacheka. "Mfumo huo haupo, mama."

"Hata kwa anayecheza kutwa?"

"Huyo ndiye ninayemla vizuri."

Watu waliokuwa kwenye foleni nyuma yangu wakatazamana, wakarudisha sarafu mifukoni, wakaondoka.

"Haya, cheza basi," Sheweji akasema.

"Nimeshacheza. Tazama, mashine haina wa kumla."

Sheweji akanitupia viatu. Nikamwomba Bi Mgeni ruhusa niijaribu mashine mara moja tu.

"Vaa viatu, baba."